Rivyuu: moduli ya sampuli na makadirio kwenye kozi ya takwimu ya mtandaoni, simuleta tamu ila nusu ya pili inapwaya

Naandika rivyuu ya moduli moja tu ya hii kozi ya takwimu kwa wanaoanza, ile ya mtawanyo wa sampuli na makadirio, maana ndo hapo watu wengi wanakwama. Kabla ya hapo ni wastani, mediani na kuchora histogramu, kila mtu anaweza, baada ya hapo yanakuja mambo ya kupima dhana na kama hapa katikati hujaelewa basi huko mbele unakariri fomula tu mpaka mtihani upite. Jina la kozi sitaji, nina malalamiko nayo na sitaki iwe kesi. Kifupi kwa wenye haraka: nusu ya kwanza nyota tano bila kupepesa macho, nusu ya pili nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya huruma.

Ndani unapata vidio fupi fupi, simuleta inayofanya kazi kwenye brauza bila kupakua chochote, pdf ya maelezo, na kwizi mwishoni. Mwalimu ana sauti nzuri na hana papara. Maandishi ya chini ya vidio yapo ila kwenye fomula yanaandika vitu vya ajabu, bora uyazime.

Sasa simuleta, hapa ndo walipofanya kazi ya kweli. Skrini imegawanywa sehemu tatu, juu kuna kundi zima, katikati sampuli moja uliyoichota sasa hivi, chini kunajengeka mtawanyo wa wastani wa kila sampuli uliyochota tangu uanze. Unaweza kusema mbona kawaida, simuleta za hivi zimejaa mtandaoni, ni kweli zimejaa, lakini hii ukigusa nukta yoyote ya chini inakuwakia juu zile namba zote zilizoizaa. Kitu kidogo ila ndo kila kitu, maana kosa la karibu kila mwanafunzi ni kudhani nukta za chini ni data. Sio data. Kila nukta ya chini ni sampuli nzima iliyokamuliwa ikabaki namba moja, na ukishaiona hivyo kwa macho huwezi tena kuchanganya mkengeuko sanifu wa kundi (namba zenyewe zimetawanyika kiasi gani) na kosa sanifu la wastani (wastani wa sampuli unachezacheza kiasi gani), vitu ambavyo nimeona hadi watu wenye digrii wanavichanganya kwenye ripoti zao.

Na wanaanza na kundi dogo kabisa, namba nne tu, 2, 4, 6 na 8. Wastani wake 5, variansi yake (wastani wa mraba wa umbali wa kila namba kutoka hiyo 5) ni 5 pia. Halafu wanakwambia chota mbili mbili kwa kurudisha, sampuli zinazowezekana ni 16 basi, unaziona zote kwenye skrini hakuna kilichofichwa: wastani wa 2 unatokea mara moja, wa 3 mara mbili, wa 4 mara tatu, wa 5 mara nne, halafu inashuka hivyo hivyo mpaka 8 mara moja. Kundi lenyewe lilikuwa bapa, kila namba mara moja, lakini wastani zake tayari zimeshatengeneza mlima, na ni sampuli za watu wawili wawili tu! Ukipiga hesabu ya wastani wa hizo wastani 16 unapata 5 kamili, na variansi yao 2.5, yaani 5 gawanya kwa 2. Hiyo ndo ile fomula ya variansi ya kundi kugawanywa kwa n (idadi ya namba kwenye sampuli), umeihesabu kwa vidole kabla hata hujaoneshwa herufi moja ya Kigiriki. Mi nafikiri kila mwalimu wa takwimu angeanzia hapa, kwa namba nne, kabla ya kumwaga elfu kumi kwenye skrini ambapo mwanafunzi anaona mchoro mzuri tu na hajui umetoka wapi.

Kuna kitufe pembeni cha kuchagua kama unarudisha ulichochota au hurudishi, vidio hakigusi hata kidogo, lakini nawaomba mkibonyeze. Usiporudisha sampuli zinabaki 6, wastani zake 3, 4, 5, 5, 6, 7, katikati bado ni 5 ila variansi inashuka hadi kama 1.67. Na ina mantiki, ukichota nusu ya kundi zima bila kurudia mtu unalijua kundi vizuri zaidi kuliko ukiruhusu mtu mmoja achotwe mara mbili. Kundi likiwa kubwa sana kuliko sampuli tofauti hiyo inapotea yenyewe, ndo maana sampuli ya watu elfu moja inafanya kazi karibu sawasawa kwa nchi ya watu milioni tano na ya watu milioni mia mbili, jambo ambalo watu wanalikatalia mpaka kesho. Kinachobeba uzito ni n, ukubwa wa kundi hauna mchango wa maana. Sijui kwa nini wameacha kitufe kizuri hivyo bila maelezo.

Somo la kipeuo cha pili nalo liko vizuri. Wanakuwekea mkengeuko wa kundi 20, sampuli ya 400, kosa sanifu (mkengeuko gawanya kwa kipeuo cha pili cha n) linatoka 1, halafu wanakuuliza ukitaka liwe nusu unahitaji wangapi, na wengi watajibu 800. Ni 1600. Unasogeza kitelezi mwenyewe na unaona mlima unavyogoma kukonda, kutoka 400 kwenda 800 unakonda kidogo tu kiasi kwamba unadhani simuleta imeganda. Kwa mtu anayepanga utafiti na ana bajeti hiyo ni taarifa chungu na bora aijue mapema.

Kuna vidio moja ya historia, fupi mno kwa utamu wake. Inamtaja William Sealy Gosset, yule aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin akaandika kwa jina la Student mwaka 1908, halafu hao wakaondoka zao kwenda somo lingine. Jamani! Kisa chenyewe ndo simuleta ya kwanza hiyo, kabla ya kompyuta. Gosset alitaka kujua wastani wa sampuli ndogo unacheza vipi pale ambapo mkengeuko wa kundi huujui na unaukadiria kutoka kwenye sampuli hiyohiyo, akachukua vipimo vya wafungwa 3000, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye vipande vya kadibodi, akavichanganya, akavichota vinne vinne mpaka zikapatikana sampuli 750, halafu akalinganisha alichokipata na hesabu zake za karatasini. Yaani kile unachofanya kwa kubonyeza kitufe sekunde moja mwenzio alikaa anachanganya vipande vya kadibodi. Wangeiweka simuleta ifanye jaribio hilohilo, sampuli 750 za nne nne, moduli ingekuwa ya kukumbukwa. Nafasi imepotea.

Haya, tuingie kwenye malalamiko.

La kwanza ni hii sheria ya 30. Mwalimu anasema n ikifika 30 mtawanyo wa wastani unakuwa wa kawaida, umbo la kengele, nukta, twende mbele. Anairudia kama amri. Sio amri, ni makadirio ya mtaani tu, yanafanya kazi pale kundi lenyewe halijalala sana upande mmoja. Chukua kitu kama muda wa kusubiri, ule mtawanyo wenye mkia mrefu upande wa kulia, ulalo wake (kipimo cha kuinama upande mmoja, kengele iliyonyooka ni 0) ni 2, kwa sampuli ya 30 ulalo wa wastani bado uko karibu 0.37, kwa macho unauona kabisa kwamba kengele imeinama. Na kwenye uwiano wa vitu adimu ni balaa zaidi. Tuseme kasoro ni asilimia 1 ya bidhaa, ukachota 30, uwezekano wa kutoona kasoro hata moja ni kama asilimia 74. Sampuli tatu kati ya nne zitakupa kadirio la sifuri! Na ukiweka hiyo sifuri kwenye fomula ya kosa sanifu unapata sifuri tena, yaani fomula inakwambia una uhakika wote duniani kwamba hakuna kasoro, na umetimiza ile "30" yao vizuri kabisa. Nenda kwenye simuleta yao wenyewe, chagua uwiano, weka 0.01 na n 30, utaona ile nguzo moja ndefu kwenye sifuri na vinguzo vifupi pembeni. Simuleta yao inambishia mwalimu wao na hakuna aliyegundua.

Afadhali pia wangegusia kwamba kuna mitawanyo ambayo nadharia ya kikomo cha kati, ile inayosema wastani wa sampuli kubwa unaelekea umbo la kengele, haiihusu kabisa, ule wa Cauchy kwa mfano, unachota hata milioni, wastani hautulii, unarukaruka uleule kama umechota mmoja. Sio lazima mwanafunzi mpya auhesabu, lakini ajue kwamba nadharia ina masharti. Variansi lazima iwe na kikomo, sharti lenyewe ndo hilo, sentensi moja tu ingetosha.

La pili, na hili ndo limenifanya nikate nyota, ni nusu nzima ya makadirio ya namba moja, yaani kukadiria thamani ya kundi kwa kutoa namba moja tu. Hapa ghafla simuleta inapotea! Zinakuja slaidi, fomula, orodha ya sifa za kadirio zuri, na ule mchoro maarufu wa shabaha na mishale (mishale ni makadirio, katikati ya shabaha ni ukweli) unaokaa skrini nzima vidio mbili mfululizo. Vitu vyote walivyojenga kwenye nusu ya kwanza, mtawanyo na sampuli 16, wameviacha mlangoni, wakati kadirio zuri au baya ni swali la mtawanyo huohuo, unauliza umekaa wapi na ni mnene kiasi gani. Mwanafunzi anatoka hapo anadhani kajifunza mada mbili tofauti.

Mfano wa wazi ni lile swali la kila mwaka, kwa nini variansi ya sampuli tunagawanya kwa n toa 1 na sio n. Kwenye vidio jibu ni "kwa sababu za digrii za uhuru" halafu kimya. Hilo sio jibu, ni kumfukuza mtu kistaarabu. Ilhali walikuwa na zile sampuli 16 mkononi! Ngoja nifanye kazi yao. Chukua 2, 4, 6, 8, kwa kila sampuli ya mbili tafuta variansi kwa kugawanya kwa 2, halafu tafuta wastani wa majibu yote 16: unapata 2.5, wakati ukweli ni 5. Nusu! Sasa gawanya kwa 1, yaani n toa 1, wastani wa majibu 16 ni 5 kamili. Imekaa palepale. Na sababu inaonekana: kila sampuli inapima umbali kutoka kwenye wastani wake yenyewe, sio kutoka kwenye 5 ya kundi, na wastani wake yenyewe daima uko katikati ya namba zake kwa hiyo umbali unatoka mdogo kuliko unavyopaswa. Ukichota 2 na 2 unapata variansi sifuri, sampuli inajiona iko shwari kabisa kumbe imekaa pembeni mwa kundi.

Halafu endelea hatua moja mbele, kitu ambacho kozi haikithubutu: chukua kipeuo cha pili cha hizo variansi nzuri upate mkengeuko sanifu, wastani wa majibu 16 unakuja kama 1.77, wakati mkengeuko wa kundi ni kama 2.24. Kwa hiyo ile n toa 1 inanyoosha variansi lakini mkengeuko bado unaegemea chini. Kwenye pdf yao ukurasa wa muhtasari wameandika kwamba vyote viwili haviegemei upande, yaani ukichukua sampuli zote wastani wa makadirio unatua kwenye ukweli. Si kweli, na namba nne zinatosha kuonesha.

Tatizo jingine la hapo ni kwamba wamefanya kutoegemea upande kuwa dini. Kila swali la kwizi, kadirio bora ni lipi, jibu ni lile lisiloegemea, basi. Kuna mfano mzuri wa vita vya pili vya dunia, ule wa vifaru vya Ujerumani, Washirika walikuwa wanakusanya namba za utengenezaji kwenye vifaru vilivyotekwa ili wakadirie Ujerumani inatengeneza vingapi kwa mwezi. Kwa Agosti 1942 wanatakwimu walikadiria 327, majasusi walisema 1550, na baada ya vita nyaraka za Wajerumani zikaonesha 342. Kozi inao huu mfano, nawapongeza, lakini wanautumia kama hadithi ya kuchangamsha darasa tu, fomula wanaitupa bila kuuliza kwa nini hiyo na sio nyingine.

Na hapo ndo kuna uhondo. Tuseme vifaru vimepewa namba kuanzia 1 hadi N, umekamata vitano: 3, 8, 11, 15 na 90. Mtu wa kawaida atasema chukua wastani, uzidishe mara mbili, toa 1. Hiyo fomula haiegemei upande wowote, ukiirudia kwenye sampuli zote wastani wake unatua kwenye N. Lakini hapa inakupa 49.8. Kifaru namba 90 umekipaki nje, na fomula yako safi inakwambia viko hamsini! Sasa chukua kubwa kuliko zote, 90, ongeza 90 gawanya kwa 5, toa 1, unapata 107. Nayo haiegemei upande, lakini haiwezi kamwe kukupa namba ndogo kuliko uliyoiona kwa macho na mtawanyo wake ni mwembamba zaidi. Fomula mbili, zote zinapita mtihani wao wa kutoegemea, moja inakuaibisha mbele za watu. Kwa hiyo kutoegemea peke yake hakutoshi, unatazama na unene wa mtawanyo, na saa nyingine unakubali kuegemea kidogo ili upate kukonda sana. Hata ile variansi, kama data ni za mtawanyo wa kawaida, kugawanya kwa n jumlisha 1 kunakupa wastani mdogo zaidi wa kosa la mraba kuliko n toa 1. Kosa la mraba kwa wastani ni variansi ya kadirio ukijumlisha na mraba wa kuegemea kwake, mstari mmoja huo, haumo popote kwenye moduli. Mwaka 1922 mwanatakwimu Ronald Fisher alikuwa tayari anaongelea ufanisi wa makadirio, yaani lipi lina mtawanyo mwembamba zaidi, sisi tunauziwa mishale.

Kwizi. Maswali ya kuhesabu yako sawa. Maswali ya maneno yana shida, moja linauliza "uwezekano kwamba parameta iko sawa na wastani wa sampuli ni upi" na linataka uchague namba, wakati kwa jinsi walivyofundisha wao parameta ni namba ya kundi iliyotulia isiyojulikana, inayochezacheza ni sampuli. Ukichagua "swali halina maana" unakoseshwa. Jingine linakukosesha ukiandika 0.0158 badala ya 0.016, ni la kosa sanifu la uwiano wa nusu kwa watu 1000. Mnisamehe lakini hiyo ni roho mbaya.

Kitu cha mwisho kilichonikera, suala la sampuli mbovu wamelizika kwenye kiambatisho cha pdf, aya moja. Kote kwenye vidio sampuli inachotwa kwa bahati nasibu safi na n kubwa inaponya kila kitu, na mtu anaondoka anaamini hivyo. Jarida la Literary Digest kule Marekani mwaka 1936 lilituma karatasi za kura kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, kosa sanifu la sampuli kama hiyo ni dogo kiasi huwezi kuliona, likatangaza kwamba kwenye uchaguzi wa rais Landon atapata kama asilimia 57. Mpinzani wake Roosevelt akamfagia, Landon akaambulia majimbo mawili. Majina waliyatoa kwenye vitu kama vitabu vya simu na orodha za wenye magari, kipindi cha mdororo wa uchumi, na waliojibu hawakufanana na wasiojibu. Kosa sanifu linapima mtikisiko wa bahati nasibu tu, halijui kama ulichota kwenye ndoo isiyo yako. Simuleta ingeweza kuonesha hili kirahisi, weka kundi, zuia nusu yake isichotwe, ongeza n, tazama mlima unavyokonda juu ya namba isiyo sahihi. Nimewaandikia kuomba kitufe hicho, wamejibu kwamba wamepokea maoni.

Nani aichukue? Kama unaanza kabisa na neno kosa sanifu linakutisha, chukua, ila ishia pale somo la kipeuo cha pili linapoisha. Kama unajiandaa na mtihani wenye maswali ya makadirio tafuta kitabu chochote cha chuo kwa nusu iliyobaki, au kaa na zile namba nne na karatasi. Kama tayari unafanya kazi za takwimu simuleta itakufaa kufundishia wengine, vidio ruka. Na usianze kwa mpangilio wao: fungua simuleta kwanza kabla ya vidio yoyote, weka n iwe 1, chota nyingi uone mchoro wa chini unavyofanana na kundi la juu, kisha panda 2, 5, 10 polepole. Kwenye simu kitelezi kinaruka kutoka 1 hadi 5 moja kwa moja, kwa hiyo tumia kompyuta.